Bajaji za kuitwa kwa simu: mwongozo wa kuunganisha mtaa na kituo cha mwendokasi

Tangu mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yaanze kubeba abiria Mei 2016, safari ya Kimara hadi Kivukoni au Gerezani ina barabara yake. Kazi iliyobaki ni kile kipande cha kutoka nyumbani hadi kituoni. Mtu wa Bonyokwa, Goba au Msumi anashuka barabara kubwa saa 3 usiku, anakuta bajaji moja inangoja ijae, au hakuna kabisa, na bodaboda anamtajia bei kwa kumwangalia sura. Wakati huohuo, mitaa michache ndani, kuna dereva wa bajaji amekaa kijiweni hana abiria, wala hajui kwamba kuna watu watatu wanamhitaji.

Mwongozo huu ni wa kuwakutanisha hao wawili. Nimewaandikia viongozi wa vikundi vya bajaji, wenye magari madogo ya abiria, na vijana wanaojua kutengeneza programu ila hawajawahi kukaa kijiweni. Mfano wangu ni Bonyokwa na Kimara Mwisho. Wewe weka mtaa wako. Ukiwa unasoma, kumbuka jambo moja: abiria hanunui programu, ananunua uhakika wa muda. Kila kifaa kilichotajwa humu kazi yake ni kumwambia abiria gari litafika saa ngapi, kisha kulifanya lifike saa hiyo.

Hatua ya 1: Hesabu watu kabla hujanunua kitu

Chagua eneo dogo ambalo wakazi wake wengi wanatokea sehemu moja kwenda mjini. Weka watu wawili wenye daftari, mmoja kituoni barabara kubwa, mwingine ndani mtaani. Kila robo saa waandike wangapi wamepanda, wangapi bado wanangoja, na wanaelekea upande gani. Wafanye hivyo siku ya kazi, Jumamosi, Jumapili, na wasikwepe siku ya mvua. Mkitaka kutumia simu badala ya daftari, KoboToolbox, programu ya kujaza dodoso, inajazwa hata mtandao usipokuwepo, na majibu yanatumwa baadaye.

Mkiwahoji abiria, msiwaulize kama watatumia huduma yenu. Kila mtu atasema ndiyo, kwa adabu tu. Waulize jana usiku walifikaje nyumbani, walingoja muda gani, na walilipa shilingi ngapi.

Hatua ya 2: Tenganisha saa za foleni na saa za kuitwa

Hapa ndipo miradi mingi ya aina hii inapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme hesabu yenu imeonyesha abiria 90 wanaotaka kutoka Bonyokwa kwenda Kimara kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi. Bajaji inabeba watatu. Kwenda, kushusha na kurudi, tuseme ni nusu saa. Bajaji moja basi inavusha watu 6 kwa saa, na mnahitaji bajaji 15. Saa hiyo kuitana kwa simu hakuna maana: watu wamejaa kituoni, bajaji inajaa kabla dereva hajakohoa. Acheni foleni ifanye kazi yake kama ilivyozoeleka.

Ikifika saa 5 asubuhi, abiria wamebaki 18 kwa saa nzima, wametawanyika mtaa mzima. Kwa hesabu ileile bajaji 3 zinatosha, lakini zikikaa zote kijiwe kimoja, mama aliyeko upande wa pili na mtoto mgonjwa hatazipata. Hapo ndipo kuitwa kunapolipa. Hali ni hiyohiyo kuanzia saa 2 usiku, na alfajiri kabla ya saa 11, wanapotoka watu wa masoko na wanaorudi zamu za usiku.

Helsinki, Ufinlandi, walianzisha mwaka 2012 huduma ya vibasi vya kuitwa iliyoitwa Kutsuplus, ikafika vibasi 15. Abiria waliipenda, lakini kila safari ilikula ruzuku kubwa, na fedha za kuongeza magari hazikupatikana. Ilifungwa mwishoni mwa 2015. Kikundi cha bajaji cha Bonyokwa hakina ruzuku ya kula. Kwa hiyo saa za foleni ndizo zibebe gharama za saa za kuitwa, na hatua ya 8 inaeleza namna yake.

Hatua ya 3: Weka vituo vya kuchukulia, msimfuate kila mtu mlangoni

Kumfuata kila abiria mlangoni ni kazi ya teksi. Huduma ya pamoja ikifanya hivyo, abiria wa kwanza anazungushwa mitaa yote akisubiri wa tatu afunge geti. Wekeni vituo ambavyo mtu anatembea dakika mbili tatu kuvifikia. Kila kituo kiwe na nafasi ya bajaji kugeuza, kiwe na taa au duka linalochelewa kufunga, na kiwe mahali ambapo maji hayatuami. Suala la taa msilichukulie kirahisi. Dada anayengoja peke yake saa 4 usiku ataacha kuwapigia baada ya mara ya kwanza kama mmemsimamisha gizani.

Majina ya vituo yawe yale watu wanayoyataja kila siku: Msikitini, Shule, Kisimani, Kwa Mjumbe. Zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 lilizipa barabara majina na nyumba namba, na mfumo wa NaPA, ule wa kitaifa wa anwani za makazi, unazo. Zihifadhini kwenye kumbukumbu zenu kwa sababu zinasaidia kutofautisha Msikitini huyu na yule, ila kwenye simu abiria atasema "niko hapa Kisimani", na mfumo lazima umwelewe. Kisha kila kituo kipeni namba ya tarakimu mbili. Ombeni ruhusa ya mwenye duka, bandikeni kibao chenye jina, namba ya kituo na namba ya simu ya kuitia. Kibao hicho ni cha bei ndogo, na hakuna tangazo la mtandaoni litakalowaletea abiria kama hicho.

Ramani msianze kuichora upya. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa ya Dar es Salaam kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, lengo kubwa likiwa mafuriko, kwa hiyo hadi mitaro na vijito vimo katika maeneo mengi. OpenStreetMap ni huria: unaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha. Washeni GPS, piteni kila njia na bajaji, muongeze kinachokosekana. Halafu fanyeni kazi ambayo kompyuta haiwezi kuwafanyia: wakalisheni madereva watatu wakongwe mbele ya ramani wawaonyeshe njia zinazopitika kiangazi tu. Wekeni ramani mbili, ya kiangazi na ya mvua. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, mpangaji, yaani mtu anayepokea maombi na kugawa bajaji, anabadilisha ramani asubuhi ileile mvua inapoanza, na vituo visivyofikika vinafungwa kwenye mfumo. Abiria akiita anaelekezwa kituo cha jirani, badala ya kungoja gari lililokwama kwenye tope.

Hatua ya 4: Vibali

Nendeni LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, na manispaa mapema, mkiwa na ramani na hesabu ya hatua ya 1 mkononi. Ulizeni aina ya chombo chenu inaruhusiwa kwenye njia gani, na kama mnaweza kutoza nauli kwa kichwa. Bonyokwa iko upande wa Ilala na Kimara iko Ubungo, kwa hiyo mlango wa kugonga si mmoja. Kuna aliyejifunza somo hili kwa gharama: LATRA ilipoweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni anayokatwa dereva mwaka 2022, Uber walisimamisha huduma nchini Aprili mwaka huo, wakarudi Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kama hesabu zenu zinategemea makato makubwa kwa dereva, zirekebisheni kabla hamjaanza.

Mtakuwa mnakusanya namba za simu na nyendo za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka mjisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Chukueni kidogo: namba ya simu na kituo vinatosha, jina halihitajiki. Dereva asiione namba ya abiria. Simu ipitie kwa mpangaji. Safari zikishapita mwezi mmoja, futeni namba mbaki na hesabu tu.

Hatua ya 5: Kifaa cha kuonyesha gari lilipo

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni simu ya dereva yenye programu ya kutuma mahali alipo. Traccar ni mfumo huria wenye programu ya simu na ya seva, na kijana mmoja anayejua kazi anaweza kuuweka. Tatizo la simu ni kwamba Android inazima programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa chaji. Ingieni kwenye mipangilio ya betri ya kila simu mkaitoe programu hiyo kwenye zuio, la sivyo bajaji itaonekana imesimama Shule wakati imeshafika Kimara. Tatizo la pili ni la kibinadamu: dereva akitaka kupumzika bila kuonekana, anazima data.

Njia ya pili ni kifaa cha GPS kinachofungwa kwenye betri ya bajaji, chenye laini yake. Mimi naipendelea hii kwa vyombo vya zamu ya usiku. Kifungeni chini ya kiti mahali pasipofika maji, wekeni fyuzi, na fundi apime kwanza umeme unaotoka. Laini zisajiliwe kwa jina la kikundi au kampuni. Ikiwa ya mtu binafsi, akiondoka anaondoka nayo. Bando lisiwatishe. Kifaa kikituma taarifa kila sekunde 30 kwa zamu ya saa 12, ni taarifa 1,440. Kila moja ikiwa na baiti 200 hivi, jumla haifiki megabaiti 1 kwa siku.

Hatua ya 6: Milango mitatu, foleni moja

Wengi mnaotaka kuwahudumia wana simu ya kitochi, au wana simu janja iliyoishiwa bando. Programu ya kupakua iwe mlango wa mwisho kufunguliwa.

Mlango wa kwanza ni kupiga au kubipu. Mpangaji anapiga, anauliza "uko kituo namba ngapi, mko wangapi?", anaingiza. Mlango wa pili ni menyu ya nyota na reli, kama watu walivyozoea kwenye M-Pesa na Airtel Money. Kuna kampuni zinazokodisha msimbo na kuwaunganisha na mitandao yote. Menyu moja haizidi herufi 182 na muda wake ni mfupi, kwa hiyo ulizeni mambo matatu tu: naenda au natoka Kimara, namba ya kituo, idadi ya watu. Mlango wa tatu ni WhatsApp, kwa wanaopenda kutuma mahali walipo. Milango yote mitatu iingize maombi kwenye orodha moja. Ikiwa waliopiga wana daftari lao na wa WhatsApp wana lao, bajaji mbili zitamfuata mtu mmoja.

Jibu analopata abiria liwe fupi na lenye ahadi:

"Bajaji 14 itafika Msikitini saa 1:20 usiku. Nauli 1,000. Itangoja dakika 2."

Angalieni saa hiyo. Seva inahifadhi 19:20, na kijana wa programu akiiacha hivyo, au akaiandika 7:20, kuna abiria atakayeelewa saa 7 na dakika 20. Ujumbe uandikwe kwa saa zetu, na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku lisikosekane. Namba ya bajaji iandikwe kubwa ubavuni kwa rangi inayoonekana usiku, ili abiria apande chombo alichoahidiwa, asipande chochote kilichosimama.

Hatua ya 7: Anza na mpangaji mtu, kompyuta ifuate

Mpe mpangaji skrini yenye ramani, orodha ya maombi, na kanuni tatu zilizoandikwa ukutani. Abiria asingoje zaidi ya dakika 12. Aliyeko ndani ya bajaji asizungushwe zaidi ya dakika 8 juu ya muda wa safari ya moja kwa moja. Watu wasizidi watatu, hata wakibembeleza.

Kazi yenyewe inakuwa hivi. Bajaji 14 imetoka Shule na abiria wawili wa Kimara. Linaingia ombi la mtu mmoja aliyeko Kisimani. Kupitia Kisimani kunaongeza dakika 4, na hao wawili walikuwa bado hawajazungushwa popote: mchukue. Kama 14 ilishapita Msikitini na imekula dakika 5, kuongeza 4 kunavunja ahadi ya waliomo, basi Kisimani aende Bajaji 9 ingawa iko mbali zaidi. Mpangaji mzuri aliyekulia mtaani atafanya haya kichwani kwa vyombo vitatu au vinne, tena ataongeza kitu ambacho programu haina: anajua leo kuna msiba karibu na Shule na njia imefungwa kwa maturubai.

Vyombo vikizidi hapo, tumieni programu huria. OSRM inahesabu muda wa kutoka kituo hadi kituo kwenye ramani ya OpenStreetMap, na VROOM inagawa maombi kwa vyombo. Msiiamini kasi inayokuja na OSRM kwa barabara za vumbi; haikupimwa kwenye makorongo yetu. Chukueni muda halisi kutoka kwenye GPS zenu, asubuhi, mchana na usiku, muwape OSRM muda huo. Na mpangaji abaki na uwezo wa kubatilisha pendekezo la kompyuta kwa kubonyeza mara moja.

Mtandao ukikatika au umeme ukizimika, kuna utaratibu mmoja: kila dereva anarudi kituo chake cha kungojea kilichopangwa, na mpangaji anapiga simu za kawaida. Fanyeni majaribio ya hali hiyo kabla haijawakuta.

Hatua ya 8: Nauli, malipo na hesabu ya bosi

Dereva wa bajaji ya hesabu anajua lazima jioni ampelekee bosi fedha yake, na wa bajaji ya mkataba ana rejesho linalomngoja. Ukimwambia akae Kisimani saa 3 usiku angojee simu, unamwambia apoteze. Atakubali siku ya kwanza kwa heshima, siku ya pili atakuwa Kimara anajaza. Mfumo wowote usiolipa kungoja utakufa kwa sababu hii, hata uwe umeandikwa vizuri namna gani.

Dawa ni posho ya zamu. Tuseme kila moja ya zile bajaji 15 za asubuhi inachangia shilingi 1,000 kwa siku, kwa kuwa foleni iliyopangwa vizuri inaziingizia zaidi. Hiyo ni 15,000. Bajaji 3 za zamu ya usiku kila moja ina uhakika wa 5,000, abiria waje wasije, na nauli zinazopatikana ni juu ya hapo. Zamu zizunguke ili kila mmoja achangie na kila mmoja apokee. Bosi ashirikishwe kwenye makubaliano, kwa maandishi, kabla ya siku ya kwanza.

Nauli iwe ya kituo, kwa kichwa, ibandikwe kwenye kibao. Msipandishe bei mvua ikinyesha. Ile siku ya mvua ndiyo inayompa abiria sababu ya kuwapigia mwezi mzima unaofuata. Pokeeni fedha taslimu na lipa namba. Kama lipa namba ni ya kikundi, dereva apate chake siku hiyohiyo, la sivyo ataomba taslimu kila mara nanyi mtapoteza kumbukumbu. Muamala ukichelewa kuingia, abiria ashuke aende, deni liandikwe kwenye namba yake.

Hatua ya 9: Muungane na ratiba ya mwendokasi

Abiria anayetoka mjini aweze kuita akiwa bado ndani ya basi. Akiita akiwa Ubungo, mfumo ukadirie atashuka Kimara lini kulingana na vipimo vyenu vya saa hiyo, bajaji ifike dakika moja kabla na ingoje tatu. Ombeni DART, wakala wa mabasi ya mwendokasi, taarifa za mabasi yalipo. Wakati mnasubiri jibu, kijana mmoja Kimara Mwisho mwenye simu anabonyeza kila basi linapofika, na baada ya wiki chache mna vipimo vinavyotosha.

Njia na vituo vyenu viandikeni kwa muundo wa GTFS, muundo wa data za usafiri ambao programu za kupangia safari zinausoma, ambao ulianza 2005 kwa ushirikiano wa Google na shirika la usafiri la TriMet la Portland, Marekani. Mwaka 2024 muundo huo uliongezewa rasmi sehemu ya huduma za kuitwa, iitwayo GTFS-Flex. Nairobi wametangulia: Digital Matatus walirekodi njia za matatu kwa simu, wakatoa data na ramani kwa umma 2014. Bajaji za Bonyokwa nazo zinaweza kuonekana kwenye programu za kupangia safari bila kutengeneza programu yenu.

Hatua ya 10: Namba za kuangalia kila Jumapili

Kaeni na madereva, siyo viongozi peke yao, muangalie namba tatu. Ya kwanza: katika kila maombi 10, mangapi gari lilifika ndani ya muda ulioahidiwa? Wastani wa dakika za kungoja unaficha. Watu tisa wakingoja dakika 4 na mmoja akingoja 50, wastani hauzidi 9, na huyo mmoja ndiye atakayewasema mtaa mzima. Ya pili: maombi mangapi yalikataliwa au hayakujibiwa, na ya vituo gani? Kituo kinachojirudia kinahitaji bajaji ingojee hapo. Ya tatu: dereva wa zamu ya kuitwa alipata kiasi gani kwa saa, ukilinganisha na mwenzake aliyejaza foleni?

Msifungue mtaa wa pili mpaka maombi 9 kati ya 10 yawe yanafika kwa wakati majuma manne mfululizo, na moja kati ya hayo liwe la mvua. Mkifika hapo, anzeni upya hatua ya 1 huko mnakokwenda, na madaftari mapya, kwa sababu watu wa Goba hawatoki saa wanazotoka watu wa Bonyokwa.